Mboga ya majini kutoka Lushoto: ina faida gani, na je, ni salama kuinywa mbichi?

BintiMakorora (Tanga mjini)

Assalaam alaykum na habari za jioni, waungwana. Shemeji yangu anayeishi Soni hututumia mboga kwa gari linaloshuka Tanga, na siku hizi, katikati ya karoti na kabichi, hutia mafungu ya mboga yenye majani madogo ya mviringo, mashina yaliyo matupu ndani na ladha kali inayopanda puani. Anasema huchumwa kwenye vijito vya maji baridi na kuuzwa kwa hoteli za Lushoto, ambako wageni huiita wotakresi. Hapa Makorora wengi hawaijui. Nilipomwonyesha mama mmoja anayeuza dawa za miti shamba sokoni, aliichangamkia mno, akasema kwamba ikisagwa mbichi na kunywewa glasi moja kila asubuhi husafisha damu, huongeza damu, hushusha presha na sukari, huimarisha mifupa na humjaza maziwa mama anayenyonyesha.

Nyumbani nina watu wawili ambao ningependa wafaidike nayo. Wa kwanza ni baba, ambaye aliwahi kupata tatizo la damu kuganda mguuni na mpaka leo anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na dawa ya presha. Wa pili ni mdogo wangu aliyejifungua hivi karibuni, ambaye kliniki wamemweleza kwamba damu yake iko chini, na wamempa vidonge. Naomba mwenye elimu anieleze mboga hii ni kitu gani hasa, wenzetu wa nchi nyingine wameitumiaje tangu zamani, na kama maneno ya yule mama yanaweza kuaminiwa kabla sijawasagia wagonjwa wangu.

MkulimaWaSoni

Wa alaykum salaam, dada. Mboga unayoieleza naifahamu, kwa kuwa inaota kwenye kijito kinachopita chini ya shamba letu. Si mmea wa asili wa Usambara. Kwao ni Ulaya na Asia, lakini imeenea katika vijito vya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa sababu kipande cha shina kikikatika na kuchukuliwa na maji huweka mizizi popote kinapokwama. Hupenda maji baridi, yanayotembea na yasiyo na kina, ndiyo maana huku kwetu inastawi na huko pwani hamuioni.

Kabla ya kuzungumzia faida, hakikisha kwamba mlichotumiwa ndicho chenyewe. Shina lake huelea, na kwenye vifundo hutoa mizizi myeupe na myembamba. Jani moja lina vijani kadhaa vilivyopangwa viwili viwili, na kile cha nchani huwa kikubwa kuliko vingine. Maua ni madogo, meupe, yenye petali nne. Na ukitafuna unapata ukali wa figili au haradali. Kwenye vijito hivyohivyo huota mimea mingine ya jamii ya karoti ambayo kwa mbali inafanana nayo, ila kingo za vijani vyake zina meno meno, na ukiisugua harufu yake iko upande wa karoti na kotimiri. Jamii hiyo ina baadhi ya mimea yenye sumu kali, kwa hiyo usichokitambua usikitie chunguni.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba dada unisikilize vizuri. Vijito vyetu hupita kati ya bustani za nyanya, viazi na kabichi ambazo hupigwa dawa za wadudu, na mvua ikinyesha sehemu ya dawa hiyo huteremka. Ng'ombe nao hunyweshwa humohumo. Mimi nikitaka kuila, huichuma kwenye chemchemi iliyo juu ya mashamba, na hata hiyo naipika: nakaanga kitunguu, natia viazi mviringo vilivyokatwa vidogo, vikiiva naongeza mboga yenyewe dakika za mwisho, kwa kuwa hunywea upesi na fungu kubwa hugeuka kijibakuli. Muulize shemeji yako anachuma wapi, na usiridhike akikujibu "kijitoni" tu.

Mfamasia_Raskazone

Naanza na mzee, kwa sababu suala lake halisubiri. Gramu 100 za mboga hii ikiwa mbichi zina takriban maikrogramu 250 za vitamini K, ilhali mtu mzima huhitaji kati ya 90 na 120 kwa siku. Warfarini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kuitumia vitamini hiyo katika kutengeneza protini zinazogandisha damu. Daktari hupanga kiasi cha dawa kwa kufuata kipimo cha INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, na kipimo hicho tayari kimezingatia chakula ambacho mgonjwa amezoea kula. Mzee akianza ghafla kunywa glasi ya majani mabichi yaliyosagwa kila asubuhi, nguvu ya dawa itapungua, na damu inaweza kuganda tena mguuni au, mbaya zaidi, mapafuni. Kuna na upande wa pili ambao watu huusahau: ikiwa dawa itaongezwa ili ilingane na glasi hiyo, kisha mboga zikakosa kuletwa kwa wiki kadhaa kwa sababu barabara imekatika, nguvu ya dawa itapanda na mzee anaweza kutokwa damu.

Hii haina maana kwamba mzee amekatazwa mboga. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya mlonge yote yana vitamini K kwa wingi, na mgonjwa wa warfarini anaruhusiwa kuyala. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kisichopanda na kushuka. Akila kidogo cha wotakresi iliyopikwa mahali pa mchicha aliouzoea, hakuna la kuogopa sana. Juisi ya kila siku ni jambo jingine, na asiianze bila daktari wake kujua. Kuhusu presha, mboga hii ina takriban miligramu 330 za potasiamu katika gramu 100, na potasiamu ya chakula husaidia presha kwa watu wengi. Lakini kama mzee anatumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, mfano losatani au spironolaktoni, na figo zake zimechoka, basi kukusanya majani mengi ndani ya glasi moja kila siku si busara.

Sasa mdogo wako. Hapa yule mama wa sokoni ameteleza kabisa. Mboga hii ina madini ya chuma kidogo sana, karibu miligramu 0.2 katika gramu 100, na foleti, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, maikrogramu 9 tu. Mchicha mbichi wa kiasi hichohicho una miligramu 2.3 za chuma na maikrogramu 85 za foleti. Mtu anayetaka kuongeza damu hana sababu ya kuagiza kitu Soni huku mchicha unauzwa mlangoni kwake. Kitu ambacho wotakresi inaweza kumsaidia ni vitamini C, miligramu 43 katika gramu 100, ambayo huusaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga nyingine, ila ukikamua ndimu juu ya maharage unapata kazi hiyohiyo. Vidonge vya kliniki aendelee navyo, na asivimeze kwa chai ya rangi, maana chai hupunguza ufyonzaji wake.

Nisiidhulumu mboga yenyewe. Ni asilimia 95 maji, ina kalori 11 tu katika gramu 100, na kalsiamu yake ni miligramu 120, kiasi kinachokaribiana na cha maziwa ya ng'ombe kwa uzito uleule. Mwaka 2014 kituo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia udhibiti wa magonjwa kilichapisha orodha ya matunda na mboga 41, na wotakresi ikashika nafasi ya kwanza kwa alama 100. Habari hiyo imezunguka mno mitandaoni bila kuelezwa kwamba alama zilipimwa kwa kulinganisha virutubisho na kalori. Jani lenye maji mengi na kalori chache lazima lipande juu kwa hesabu ya namna hiyo. Orodha ile haikupima uwezo wa kutibu ugonjwa wowote.

TabibuPangani

Nawaheshimu wataalamu, lakini tusiwe watu wa kutisha kila kinachotoka porini. Mabaharia wa Ulaya waliokuwa wakitokwa damu kwenye fizi kwa kukosa vyakula vibichi walitibiwa kwa majani makali ya namna hii, wakapona, na Brazili mpaka leo watu hupika shira ya mboga hii pamoja na asali kwa ajili ya kikohozi. Mmea ukichemshwa nguvu yake huondoka. Mimi humshauri mtu aioshe vizuri kwa maji ya chumvi na ndimu, ailoweke kwa muda, kisha aisage mbichi na kuinywa. Chumvi na ndimu huua vijidudu, na wazee wetu walikula mboga mbichi nyingi bila kuumwa.

MwalimuChumbageni

Ndugu TabibuPangani, katika maneno yako kuna moja ambalo ni sahihi, kwamba kuchemsha huipunguzia mboga hii nguvu, nami nitalieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa ndilo kiini cha sifa za mboga hii. Ukali wake haumo ndani ya jani likiwa zima. Ndani ya seli kuna kemikali iitwayo glukonasturtini, na mahali pengine palipotengwa kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Jani linapokatwa, kusagwa au kutafunwa, viwili hivyo hukutana na kutoa isothiosianati, ambayo ndiyo inayopanda puani. Mmea uliitengeneza silaha hiyo kwa ajili ya wadudu wanaoutafuna, na ni sisi tulioigeuza kuwa kiungo cha chakula. Joto huharibu kimeng'enya, kwa hiyo anayetumbukiza majani mazima katika maji yanayochemka hupoteza sehemu kubwa ya ukali, na akiyamwaga maji hayo hupoteza na vitamini C nyingi. Lakini iko njia ya katikati: yakate majani madogo madogo kwanza, yaache dakika chache ili kimeng'enya kifanye kazi yake, ndipo uyatie katika supu, na supu yenyewe inywewe yote.

Isothiosianati hiyo imechunguzwa sana kuhusiana na saratani, nyingi ya kazi hiyo ikiwa ni ya maabara. Kwa binadamu, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster walitoa matokeo ya watu wazima 60 wenye afya, nusu yao wakiwa wavutaji wa sigara, ambao walikula gramu 85 za mboga hii mbichi kila siku kwa wiki 8. Uharibifu wa DNA katika chembe zao nyeupe za damu ulipungua kwa asilimia 17. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini utafiti huo haukuhusu wagonjwa wa saratani, wala haukuonyesha kwamba kuna mtu aliyekingwa asipate saratani. Anayewauzia watu juisi hii kama dawa ya saratani amevuka mipaka ya kile kilichopimwa.

Kuhusu mila, dada ameuliza wenzetu wameitumiaje. Uingereza ililiwa kwanza kama mboga ya kuokotwa mitoni, hadi mwaka 1808 William Bradbery alipoanza kuilima kwa biashara huko Kent. Katika karne hiyo ya 19 wafanyakazi maskini wa London waliila na mkate asubuhi. Ujerumani imekuwa ikitumiwa kwa mafua na makohozi ya kifuani. Uchina huchemshwa muda mrefu sana katika supu ya nyama, kinyume kabisa na nadharia ya kwamba lazima iwe mbichi. Karibu yetu zaidi, katika bahari hii hii ya Hindi, watu wa Morisi, Reunion na Madagaska huila mara kwa mara kama mchuzi mwepesi wa majani unaoteremshia wali, na mtu wa pwani anayejua kupika mnavu hatapata shida kuipika kwa namna hiyo. Mtaona kwamba sehemu kubwa ya matumizi haya ni chakula. Dawa ilikuwa ya kifua na ya fizi, na hii ya fizi inaelezeka kwa vitamini C.

Kwetu sisi Tanga na Bagamoyo mmea huu hauna mila ya kale, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu ndugu zake tunao. Mlonge na mgagani, ingawa ni wa familia nyingine, wamo katika oda moja (kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa) na mboga hii, na wao pia hubeba kemikali za kundi hilohilo. Anayetafuna jani bichi la mlonge huusikia ule ukali wa figili, na mgagani una namna yake ya kuwasha ulimi kabla haujachemshwa. Mchunga, unaopendwa sana Muheza na Pangani, si wa kundi hilo. Ni jamaa ya letasi na alizeti, na sifa yake ni uchungu, si ukali.

Nashuku pia kwamba yule mama wa sokoni amechanganya mimea miwili. Sifa ya kujaza maziwa ni ya habati rashadi, zile mbegu ndogo nyekundu zinazotoa ute zikilowekwa, ambazo Waarabu na Wahindi wamewapa wazazi tangu zamani na ambazo katika maduka ya dawa za asili ya pwani zinapatikana. Mmea huo ni wa familia moja na wotakresi, na ladha ya majani yake inafanana nayo, lakini ni mmea wa nchi kavu. Mila ya kale pia imewaonya wajawazito wasizitumie mbegu hizo, kwa kuhofia kwamba huamsha uchungu.

DaktariWaMifugo_Korogwe

Nimesoma kwa makini, na nashangaa kwamba jambo kubwa kuliko yote limeguswa kwa kidole tu. MkulimaWaSoni ametaja ng'ombe. Basi niendelee pale alipoishia.

Kila mchinjaji wa mkoa huu amewahi kuona ini la ng'ombe lililokataliwa na mkaguzi kwa sababu mirija yake imejaa minyoo bapa. Minyoo hiyo huitwa fasiola. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kondoo. Yakiingia majini hutoa viluwiluwi vinavyoingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Humo huongezeka, kisha hutoka na kujibandika kwenye mimea ya majini, vikijifunika gamba gumu na kungoja kuliwa. Mnyama akila jani hilo, anaugua. Mtu akilila bichi, anaugua vilevile. Duniani kote, wotakresi ya kuokotwa ndiyo mboga inayotajwa mara nyingi zaidi katika visa vya binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 2.4 katika nchi zaidi ya 70 wana minyoo hii, na hapa kwetu mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa mkoa wa Arusha waliogunduliwa nayo, kwa hiyo asiwepo wa kusema kuwa ni ugonjwa wa ng'ombe peke yao.

Kwa heshima, Ndugu TabibuPangani, chumvi na ndimu haziaminiki hapa. Zinaweza kupunguza baadhi ya bakteria, lakini magamba hayo yameshikamana na jani na hustahimili kuoshwa na kulowekwa kwa namna ya jikoni. Kusaga hakusaidii, kwa maana magamba ni madogo mno. Joto ndilo linaloyaua. Na kuhusu wazee wetu kula mboga mbichi bila kuumwa, wengi wao waliila mboga ya nchi kavu, na waliougua ini hakuna aliyejua chanzo chake.

Ugonjwa wenyewe hujificha. Mwanzoni, wiki kadhaa baada ya kula, mtu hupata homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu na kupungua uzito, na kipimo cha damu huonyesha aina fulani ya chembe nyeupe zimeongezeka sana. Kwa kuwa mayai hayaonekani kwenye choo mpaka miezi mitatu au minne ipite, mgonjwa hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Minyoo ikishahamia kwenye mirija ya nyongo inaweza kukaa miaka mingi. Wale waliozoea dawa ya kichocho wafahamu kwamba prazikwanteli haitibu minyoo hii. Dawa yake ni triklabendazoli, nayo hutolewa hospitali baada ya kupimwa.

Sisemi watu waiache mboga hii. Nasema iliyookotwa kijitoni ipikwe mpaka ichemke. Ikiwa kwa kupika inapungua ukali wake, na ipungue.

TabibuPangani

Daktari, nimekusoma. Kwa mboga ya kijitoni sitabishana nawe, na wateja wangu nitawaambia waipike kwanza. Hata hivyo naomba ieleweke kwamba tabibu wa asili aliyesajiliwa si adui wa hospitali, kwani tangu mwaka 2002 nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na kumpeleka mgonjwa kupimwa ni sehemu ya kazi yetu. Bado naamini kwamba majani mabichi yaliyooteshwa mahali safi yana faida kuliko yaliyopikwa, na Mwalimu ameeleza sababu.

MpishiBagamoyo

Naomba kuingilia. Nina mgahawa mdogo wa chakula hapa Bagamoyo, na wageni huniuliza mboga hii katika kachumbari na pembeni ya samaki wa kuchoma, ambako kweli ukali wake unakwenda vizuri na papa na nguru. Aliyeniletea mzigo wa kwanza hakuweza kunieleza ulikotoka, nikautia wote kwenye supu. Je, kuna namna ya kuiotesha mwenyewe huku kwenye joto, kwa maji ya bomba, ili niweze kuiandaa mbichi kwa dhamiri safi?

MkulimaWaSoni

Inawezekana, ingawa haitakuwa na unono wa huku. Chukua mashina machache yenye afya, yaoshe, ukate majani yote ya chini na kuyatupa, kisha utumbukize mashina kwenye ndoo ya maji safi. Ndani ya siku chache yatatoa mizizi kwenye vifundo. Tayarisha beseni pana lenye udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, si samadi mbichi, ulijaze maji yafunike udongo kidogo tu, na uliweke kwenye kivuli cha mwembe au chini ya wavu wa kivuli. Joto la pwani ndilo adui, kwa sababu maji yakipata moto mmea hukimbilia kutoa maua na majani yake huwa machungu. Badilisha maji mara kwa mara, asubuhi na jioni kukiwa na joto kali, na maji unayoyatoa yamwagie mchicha wako. Usiyatupe mashina ya zamani; kila unapovuna, rudisha vipande vichache ardhini.

DaktariWaMifugo_Korogwe

Naongeza sharti moja kwa MpishiBagamoyo. Yale mashina ya mwanzo yakiwa yametoka kijitoni, mavuno ya kwanza yapike, na uanze kutumia mbichi yale tu yaliyochipua ndani ya beseni lako. Kagua kama kuna konokono, uwaondoe, na hakikisha mbuzi wa jirani hawafiki hapo. Bila mnyama na bila konokono minyoo hii haina njia ya kuzaliana. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka bado kunahitajika kwa ajili ya kuhara na taifodi, kama ilivyo kwa mboga yoyote ya kachumbari.

BintiMakorora

Nawashukuru wote, na kwa wakubwa wangu nasema shikamooni. Nimempigia simu shemeji, naye amesema kijito anachochumia kiko chini ya malisho, kwa hiyo kuanzia sasa itakayokuja kwetu itaingia chunguni, ikatwe kwanza kama alivyoelekeza Mwalimu. Mdogo wangu ataendelea na vidonge vyake na mchicha wa maharage wenye ndimu. Swali langu la mwisho ni kwa Mfamasia: baba ameipenda ladha yake tangu alipoionja katika supu, na kipimo chake cha INR kiko wiki ijayo. Je, aiache kabisa mpaka apimwe?

Mfamasia_Raskazone

Kwa wiki hii ale kama alivyokuwa akila kabla mboga hii haijafika nyumbani, ili kipimo kisome hali yake ya kawaida. Siku ya kliniki mweleze daktari kwamba anataka kuiingiza katika chakula chake, mtaje kiasi, tuseme kibakuli kimoja cha supu mara mbili kwa wiki, na mwombe apange kipimo kinachofuata mapema kidogo kuliko kawaida. Akikubali, mzee ale kiasi hichohicho kila wiki. Wiki ambayo shemeji hakutuma, mpe mchicha au matembele kwa kipimo kinachokaribiana, na akiona fizi zinatoka damu, mkojo umebadilika kuwa mwekundu au mguu umevimba tena, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.